Siku Walipoandikishwa Wilfred na Dennis

Thamesmead, Jumamosi, mwezi wa pili, 2006

Shajara yangu, leo ukungu umegoma kuondoka. Tangu asubuhi umelala juu ya ziwa hapa nyuma ya nyumba, na zile njia za zege za kupita watu kwa miguu zinaishia hewani, kama mtu aliyeanza kusema jambo akanyamaza. Honi ya kivuko cha Woolwich inasikika mpaka huku. Inalia, inatulia, inalia tena. Nina baridi ambayo hita haiitoi.

Leo nimefanya jambo ambalo kesho litafika kanisani kabla yangu. Nataka nilisimulie mwenyewe kabla watu hawajanisimulia.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua kazi yangu. Natunza wazee majumbani mwao. Nawaosha, nawavisha, nawapa dawa na chakula cha asubuhi, kisha napanda basi kwenda kwa mwingine. Mmoja wao ni Wilfred, aliyekuwa mwalimu wa piano, anayekaa kwenye nyumba nyembamba ya matofali kule Plumstead, kwenye mwinuko. Kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Anaishi na Dennis, fundi mstaafu wa mabasi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Wiki ya kwanza nilidhani ni ndugu. Wiki ya pili nikaona kitanda ni kimoja.

Nilitandika.

Baridi ilipoanza, Wilfred akaanza kuona mgeni.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Akatazama nyuma ya bega langu, mlangoni, akainamisha kichwa kwa adabu kama unavyomsalimu mtu mliyepishana naye kwenye ngazi. "Mwambie yule bwana avae viatu," akasema. "Sakafu ina baridi."

Niligeuka. Mlango, ngazi, koti la Dennis kwenye msumari.

Wagonjwa wa namna yake huona watu. Kazini tulifundishwa tusibishane nao, kwa hiyo nikamwambia sawa, nitamwambia. Siku chache baadaye akasema yule bwana amechoka kusimama. Dennis, ili tu atulie, akapandisha kiti kutoka jikoni, akakiweka karibu na kabati. Hapo ndipo kilipobaki. Wilfred alikuwa akizungumza nacho kwa sauti ya chini, akinyamaza katikati kama anayesikiliza, mara nyingine akicheka.

Jambo lililonisumbua ni hili. Nilikiacha kimeelekea kitanda. Nikija asubuhi, nakikuta kimeelekea dirisha. Nakigeuza. Kesho yake kimeelekea dirisha. Nikamwambia Dennis asihangaike kukigeuza, akanitazama. Alidhani ni mimi.

Nilijiambia ni Wilfred mwenyewe. Lakini Wilfred hasimami bila kushikwa.

Nikaacha kukigeuza. Na nikaacha kukipa mgongo.

Wakati huo sheria mpya ilikuwa imeanza kutumika, ile inayowaruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuandikishwa na serikali. Wenyewe wanaiita civil partnership. Kwenye basi magazeti yote yalikuwa na picha za watu wakirushiwa karatasi za rangi. Kanisani kwetu Woolwich, baada ya ibada, chai ilipoa kwenye vikombe watu wakibishana. Wengine walisema ni ndoa iliyopewa jina la bandia. Dada mmoja Mkenya, nesi, akasema serikali ifanye ya serikali na kanisa lifanye ya kanisa. Akanyamazishwa. Binti mmoja aliyezaliwa hapa hapa akasema kwa Kiingereza kwamba haoni nani ameumizwa, na mama yake akamvuta mkono mpaka nje.

Mimi niliosha vikombe. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ile na nimepanga chumba kwa msimamizi wake, Mama Furaha kutoka Bukavu. Nilipofika nchi hii bila koti, yeye ndiye aliyenipa la kwake. Sikuwa na haja ya kuwa na maoni.

Kisha Dennis akaniomba.

Ilikuwa jikoni, mwezi uliopita, Wilfred akisinzia juu. Akaniambia kwamba mwaka juzi Wilfred alianguka, wakampeleka hospitali. Pale mapokezi Dennis aliulizwa, wewe ni nani wake? Akasema rafiki. Basi akaambiwa asubiri kwenye korido. Walimpigia simu mpwa wa Wilfred anayekaa Kent, ambaye hakuwahi hata kuja kuwatembelea, na mpwa huyo ndiye aliyeingia, akaulizwa, akaamua.

"Nilikaa pale na soksi zake mkononi," Dennis akasema. "Alikuwa ananiita. Nilikuwa namsikia."

Miaka arobaini na kitu wako pamoja, alisema. Hataki sherehe. Anataka tu Wilfred akifa, mtu wa kwanza kuulizwa awe yeye. Nikamuuliza kama ni kweli wanavyosema watu, kwamba hiyo ni ndoa. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wametupa sheria," akasema. "Neno wamebaki nalo wenyewe."

Msajili alikuwa amekubali kuja nyumbani kwa sababu ya hali ya Wilfred. Ila alionya: siku hiyo mgonjwa akiwa haelewi kinachofanyika, hakuna kitakachofanyika. Na walihitaji mashahidi wawili. Jirani wa mlango wa pili amekubali. Je, mimi ningekubali? Si kama mfanyakazi, siku yangu ya mapumziko, kama Naomi.

Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka mbio nikaacha skafu yangu.

Ukweli, nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nilikuwa natafuta tu namna ya kukataa ambayo isingemuumiza.

Siku iliyofuata nilikuwa namlisha Wilfred uji. Ilikuwa siku yake mbaya, hakunijua wala hakumjua Dennis. Akamaliza kijiko, akatazama kile kiti, akasikiliza. Kisha akanigeukia na kunieleza kwa upole, kama anayempa mtu salamu alizotumwa:

"Anasema Kapira amekonda."

Kijiko kilianguka. Nakumbuka mlio wake kwenye sahani.

Shajara yangu, hakuna mtu katika mji huu anayelijua jina hilo. Si Mama Furaha, si kanisani, si kazini. Hata mama yangu halitumii, simuni ananiita Naomi au mwanangu. Kapira ni jina nililopewa nikiwa mtoto mnene wa kule Same, nikibingirika uani kama mpira, na aliyenipa ni mtu mmoja, na ni yeye peke yake aliyeniita hivyo.

Kaka Eli.

Eli ni wa kwanza kwetu, mimi ni wa mwisho. Alikuwa mwalimu, mrefu, mwenye sauti ya kuwatuliza hata mbwa wa watu. Hakuoa. Watu walisema maneno, kisha wakasema maneno na jina la mtu mwingine, mwanaume, na maneno hayo yakamfikia baba. Nilikuwa darasa la saba. Sikuelewa kilichosemwa sebuleni, nilimsikia tu baba akisema hana mtoto wa namna hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Eli akatoka na begi moja. Alivua viatu ili visiingie tope, akavishika mkononi, akashuka njia ya kwenda barabarani bila kugeuka. Baada ya hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani. Picha zake zilitolewa ukutani, zikabaki alama nyeupe.

Viatu mkononi.

Nilisimama pale katikati ya chumba cha Wilfred, kitambaa cha kumfutia mdomo kikiwa mkononi mwangu, na ndipo nilipokumbuka alichoniambia asubuhi ile ya kwanza. Mwambie yule bwana avae viatu.

Sikukitazama kiti. Najua utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nikikitazama, nitaona.

Nimejaribu kujieleza kwa akili. Labda niliwahi kuimba jina hilo nikisafisha bafu. Labda mzee alitamka upuuzi wowote na masikio yangu yakausikia kama Kapira. Inawezekana. Lakini mwili wangu haukukubali. Nilishuka mwinuko wote ule wa Plumstead kwa miguu, mabasi yakinipita, na nilihisi kabisa hatua za mtu asiye na viatu kwenye lami iliyolowa, nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto. Nikisimama, zinasimama. Sikuogopa kama ninavyoogopa watu wabaya. Niliogopa kama mtoto aliyeitwa na mkubwa kuja kuulizwa jambo.

Siku hiyo mchana nilinunua kadi ya simu pale sokoni Woolwich, nikampigia mama. Baba alikuwa shambani. Baada ya salamu nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza maisha yangu yote.

"Mama, Kaka Eli yuko wapi?"

Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nauliza."

Nikasikia akifunga mlango wa jikoni. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya chini sana.

"Alifariki, Naomi. Tanga. Ni mwaka wa pili sasa."

Nilikuwa nimesimama kati ya meza ya samaki na meza ya betri. Watu walikuwa wananipita huku na huku na mifuko yao.

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Baba yako alikataza. Nami ningeanzia wapi kukueleza na wewe uko huko peke yako?" Akavuta pumzi. "Kuna mtu alikuja hapa kutuambia. Mwanaume. Mpole. Alisafiri na basi na vitu vya kaka yako kwenye sanduku, kuuliza kama tunavitaka. Baba yako hakumfungulia. Alikaa nje mpaka jua likashuka. Mama Anna jirani ndiye aliyempa pa kulala."

"Na wewe, mama?"

"Nilimpelekea chai nyuma ya banda. Akaniita mama."

"Nani alimzika Eli?"

"Yeye. Nani mwingine? Alisema alimuuguza mwenyewe, alimwosha mwenyewe. Alitaka tu kujua kama anaruhusiwa kuandika jina letu kwenye msalaba." Mama akaanza kulia, kilio cha mtu anayejizuia asisikike uani. "Nilimwambia aandike. Sikumwambia baba yako. Jina lake mwenyewe sikumuuliza, mwanangu. Niliogopa nikilijua nitalitaja."

Salio likaisha kweli.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Plumstead, nikachukua skafu yangu kwenye mkono wa kochi, nikamwambia Dennis nitakuja.

Basi, leo.

Kutoka kituo cha basi sikuiona nyumba mpaka nilipoligusa geti. Dennis alikuwa amevaa suti iliyokuwa kubwa mabegani, na alikuwa amemnyoa Wilfred mwenyewe, vizuri kabisa. Jirani alikuja na maua ya dukani. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, alikuwa anaomba radhi kila akipiga chafya. Ungedhani tumekuja kusoma mita ya gesi.

Lakini Wilfred alikuwa kwenye siku zake mbaya. Niliona mara tu nilipoingia. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu ndani. Dennis alijua pia. Alikuwa amemshika mkono, na mkono wa Wilfred ulilala ndani ya wake kama glavu.

Kiti kilikuwa palepale karibu na kabati. Leo hakikuelekea dirisha. Kilikuwa kimeelekea kitanda, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekigusa.

Msajili akataka kukivuta akikalie. Nikajikuta nasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hicho hapana," nikamletea kingine.

Akaanza. Akauliza taratibu, "Wilfred, unajua huyu aliyekaa pembeni yako ni nani?"

Wilfred alimtazama msajili. Kisha akatazama kile kiti. Alikitazama muda mrefu, akainamisha sikio kidogo. Chumba kilipoa. Siandiki haya ili kupamba: jirani alijifunika koti lake, na pumzi ya Dennis ilionekana. Honi ya kivuko ikalia kule chini mtoni na kunyamaza. Msajili akafunga kalamu yake polepole, nikaona kwamba anakwenda kusema samahani.

Nikakitazama kiti. Kwa mara ya kwanza.

Hakikuwa na kitu. Niseme ukweli, sikuona kitu. Lakini nilisema, kwa Kiswahili, chinichini, neno lililonitoka bila kulipanga: "Kaka, msaidie."

Wilfred akageuza kichwa kwa Dennis. Ilikuwa kama kuona taa ikiwashwa chumba cha ndani cha nyumba.

"Huyu ni Dennis," akasema, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kipuuzi. "Angekuwa nani mwingine?"

"Na leo tunafanya nini hapa, Wilfred?"

"Tunaandikishwa. Mmetuchelewesha vya kutosha."

Msajili akacheka, akapiga chafya, akafungua kalamu. Dennis hakucheka. Alikuwa ameinama paji la uso likigusa mkono wa Wilfred, na mabega yake makubwa yalikuwa yanatikisika ndani ya suti ile. Wakatia sahihi. Ya Wilfred ilikuwa na mikia mirefu, mwandiko wa watu wa zamani. Jirani akatia. Nikatia ya kwangu, jina kamili, na jina la baba yangu mwishoni.

Tulipokuwa tunakata keki, Wilfred alinivuta mkono. "Bwana wako ameondoka," akasema.

"Amesema anakwenda wapi?"

Lakini ile taa ilikuwa imeshazimika. Akaniuliza mimi ni nani, na kama nimekuja kwa somo la piano.

Nilipofika nyumbani, Mama Furaha alikuwa anaosha sombe, kisamvu cha kwao, kwenye sinki. Nilimwambia mwenyewe, yote, nikiwa bado nimevaa koti lile alilonipa. Nilimweleza Wilfred na Dennis, nikamweleza Eli. Kuhusu kiti sikumweleza. Alifunga maji.

"Kesho usisimame na kwaya," akasema. "Mi nakuambia leo, juu sitaki pasta akusemeshe mbele ya watu."

Nikasema sawa, mama.

"Sheria ya Mungu iko ni sheria, Naomi. Hawa wazungu wanaweza kuandika karatasi yote wanataka."

Nikasema nimesikia.

Alikausha mikono, akaelekea ngazi, kisha akasimama akiwa amenipa mgongo. Mumewe alikufa walipokuwa wanakimbia vita. Hilo nalijua, lakini hakuwahi kunisimulia.

"Uyo kaka yako," akauliza. "Wakati alikuwa anakufa, huyo mtu alikuwa karibu yake?"

"Alikuwa naye mpaka mwisho, mama."

Akashika mbao ya ngazi. "Bwana yangu alikufia mu pori. Hakuna hata mtu wa kumufunga macho." Akapanda kidato kimoja. "Sombe itaiva saa moja hivi. Uje ule."

Akapanda juu. Hakubadilisha neno lake la kwaya, na sidhani atalibadilisha.

Kesho nitakwenda kanisani. Nitakaa kwenye viti vya watu wote, na wenye kunitazama watanitazama. Sijui kama nimefanya dhambi. Najua tu kwamba mtu aliniomba niseme nilichokiona kwa macho yangu, kwamba hawa wawili ni wa pamoja, nami nimesema.

Hiki ndicho nilichokaa kukiandika, na nimekizunguka muda wote huu. Nilipokuwa kwenye basi la kurudi, simu yangu ilitetemeka. Ni mama. Ameandika kwa herufi kubwa zote, kama kawaida yake: amekwenda kwa Mama Anna, amemuuliza jina la yule mgeni. Anaitwa Salimu. Anashona nguo, bado yuko Tanga, kwenye nyumba ileile. Namba yake hii hapa.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni, nje kumeshakuwa giza. Kule Tanga ni usiku, huenda amelala. Kesho nikitoka kanisani nitampigia. Nimejaribu kupanga la kusema. Samahani haitoshi. Ahsante haitoshi pia. Hata salamu sijui niianzeje, maana kwetu mtu huanza kwa kumwita mwenzake kile alicho kwake, na huyu mimi ninamwita nani? Bwana Salimu? Kama msajili?

Nimelitafuta neno hilo tangu kwenye basi. Nimelisema mara moja chumbani hapa, mlango ukiwa umefungwa, nione kama ulimi wangu utakubali.

Shemeji.

Umekubali.